Mpunga Uliopandwa Nje ya Bangokitita

Kuna imani inayohubiriwa katika kumbi za semina za Moshi, Arusha na Dodoma, na ukiihoji unaonekana mtu wa zamani. Inasema hivi: mradi mzuri huanzia mwisho. Taja kwanza matokeo unayoyakusudia, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye shughuli na bajeti. Muda ukiisha, mradi uhukumiwe kwa matokeo hayo hayo, umefika ulikosema utafika au haukufika. Asasi isiyo na matokeo tarajiwa, viashiria na takwimu za awali haipewi senti. Na jambo lililotokea bila kuandikwa kwenye andiko la mradi, liwe la heri au la shari, ni habari ya kusimuliana wakati wa chai.

Naipinga imani hiyo. Lakini wanaoihubiri si wajinga, na haki yao niwape kwanza. Walichoshwa na ripoti za kuhesabu vichwa: akina mama wamehudhuria semina, vijana wamepewa fulana, nauli imelipwa, picha zimepigwa. Nini kilibadilika baada ya watu kurudi makwao, hakuna aliyeuliza. Hapo wako sahihi, na ushahidi uko humu humu nchini. Asasi ya Twaweza ilipoendesha mpango wa KiuFunza katika shule za msingi 350 za Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa kupeleka ruzuku shuleni peke yake hakukuinua ujuzi wa watoto. Ujuzi ulipanda vizuri pale ruzuku ilipoambatana na motisha ya walimu iliyotegemea watoto kujua kusoma na kuhesabu. Anayekagua kama fedha zimefika shuleni angefunga faili kwa furaha. Kumbe zilifika, na mtoto akabaki pale pale.

Kwa hiyo sina ugomvi na kupima kilichobadilika. Ugomvi wangu ni na kulifanya kusudio la mwenye mradi kuwa hakimu wa mradi. Mwanafunzi akijitungia mtihani, akaufanya, halafu akachagua maswali yatakayosahihishwa, hatushangai akifaulu. Asasi zetu tunaziruhusu zifanye hivyo kila baada ya miaka mitatu, na tunaita uwajibikaji.

Chombo cha imani hii ni lile jedwali ambalo wataalamu wetu huliita bangokitita. Asili yake ni Marekani, mwaka 1969, Leon Rosenberg na wenzake walipolitayarisha kwa ajili ya shirika la misaada la USAID, ambalo lilikuwa halijui miradi yake inaelekea wapi. Wajerumani wa GTZ wakaja na utaratibu wao katika miaka ya 1980, Wajapani wakawa na jedwali lao, na leo ni vigumu kupata mfadhili asiyelitaka kwa sura moja au nyingine. Lina safu nne. Ya kwanza ni yale unayoyakusudia, ya pili ni viashiria, ya tatu ni mahali pa kupata ushahidi. Ya nne ni mambo yaliyo nje ya uwezo wako ambayo unaomba yaende vizuri: mvua, majirani, bei, siasa. Yaani dunia yote imefungiwa katika safu moja, tena ya mwisho, inayojazwa harakaharaka wakati harufu ya pilau imeshaingia ukumbini. Mwaka wa mwisho wa mradi, safu inayosomwa kwa makini ni ya pili.

Sasa tushuke Mabogini.

Kusini ya mji wa Moshi mlima unakwisha. Juu kuna vihamba, migomba na kahawa. Chini ni tambarare, joto kali na mvua haba. Mwaka 1977 shirika la Japani la JICA lilisaidia kuandaa mpango wa pamoja wa maendeleo ya Mkoa wa Kilimanjaro, na moja ya matunda yake ni skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, iliyokamilika mwaka 1987 kwa mkopo wa Japani. Eneo lake lilikuwa kama hekta 2,300, na kati ya hizo 1,100 zilitengwa kwa mpunga. Mabanio mawili yalijengwa, moja mto Njoro na jingine mto Rau. Mashamba yalisawazishwa na kugawanywa majaruba ya hekta 0.3 kila moja, yakapangika kuanzia Mabogini na Rau ya Kati hadi Chekereni na Oria. Mbegu ikaja ya IR54, iliyotoka kituo cha utafiti wa mpunga cha Ufilipino. Wakulima wakafundishwa kitalu, kupandikiza kwa mistari, mbolea na zamu za maji. Mavuno yakapita tani 6 kwa hekta, kiwango ambacho mkulima wa mpunga wa kawaida nchini alikuwa hakioti. Wakulima wakaunda chama chao, CHAWAMPU, na mwaka 1994 kikaanza Chekereni chuo cha mafunzo ya kilimo, KATC, ambacho hadi leo hupokea wakulima na maofisa ugani wa skimu nyingine nchini.

Najua mtu atasema huo si mradi wa asasi, ni mradi wa serikali mbili. Ni kweli, na nimeuchagua kwa makusudi. Miradi ya asasi zetu huisha, gari hubandikwa nembo nyingine, na hakuna anayerudi kutazama. Lower Moshi imetazamwa na wachumi, wataalamu wa maji, watu wa jinsia na madaktari wa malaria kwa zaidi ya miaka 30. Ni moja ya sehemu chache nchini ambako tunaweza kusoma mradi ulifanya nini baada ya wenyewe kuondoka.

Na ulifanya jambo ambalo hakuna aliyelikusudia.

Juu ya mabanio walikuwapo watu. Hawakuwa kwenye orodha ya walengwa. Hawakupimiwa majaruba, hawakuitwa semina, hawakupewa mbegu. Lakini walikuwa na macho. Wengine walishuka kufanya vibarua vya kupandikiza na kuvuna, wengine walikuwa na shemeji Mabogini, wengine walipita tu njiani na kuona magunia. Uchagga ni nchi ya mifereji: mifongo ya kushusha maji kutoka misituni hadi vihambani ilikuwapo kabla ya mkoloni, na wasafiri wa Ulaya wa karne ya 19 waliiandika kwa mshangao. Mtu aliyezaliwa katika utamaduni huo hahitaji mhandisi wa kumfundisha kugeuza maji. Wakachimba, wakatengeneza majaruba yao, wakapanda mbegu ile ile kwa njia ile ile. Haikumgharimu mlipa kodi wa Japani wala wa Tanzania shilingi moja.

Maji yakaanza kupungua mfereji mkuu. Mito yenyewe nayo haikuwa na wingi uliotegemewa. Kufikia miaka ya 1990, sehemu kubwa ya hekta zile 1,100 haikuwa ikipata maji ya kutosha msimu kwa msimu, na walioumia zaidi ni waliokuwa mkiani mwa mfereji. Watu waliokuwa wamezoea kuvuna mara mbili kwa mwaka wakarudi kwenye mahindi ya kubahatisha mvua, huku deni la pembejeo la msimu uliopita likiwasubiri. Palitokea ugomvi, milango ya maji ikachezewa usiku, na haki ya maji ikawa hoja ya mikutano na ofisi. Sheria ya wakati huo, ya mwaka 1974, ilikuwa wazi: kibali kilikuwa cha skimu. Wale wa juu wakapewa jina lao, wavamizi.

Hebu sasa tulijaze bangokitita. Tija kwa hekta: lengo limefikiwa, pengine limepitwa. Eneo linalomwagiliwa: halijafikiwa. Sababu: matumizi ya maji yasiyo halali juu ya mabanio. Pendekezo: elimu kwa jamii na usimamizi wa sheria uimarishwe. Kwa hukumu ya bangokitita, Lower Moshi ni mradi uliofaulu nusu na kuhujumiwa na majirani.

Nasema hiyo ni hukumu ya kipofu. Kwa mtazamo wa kilimo cha Tanzania, tukio kubwa kuliko yote katika bonde lile ni kwamba teknolojia ilipendwa kiasi cha watu kuiiba. Kila asasi ya kilimo ninayoijua huandika kwenye maandiko yake neno "uenezi", na hutenga fedha za mashamba darasa, wakulima wawezeshaji na vipeperushi ili kuupata. Mabogini uenezi ulikuja wenyewe, wa mkulima kumwona mkulima, na kwa kuwa ulikuja upande wa mto usiotakiwa ukaandikwa kama kosa. Mkulima wa juu aliyevuna gunia lake la kwanza hana mstari katika jedwali lolote. Hasara ya mkulima wa chini ina mstari, lakini imeandikwa kama hekta zilizopungua, si kama nyumba iliyokosa ada ya shule kwa sababu ya mafanikio ya mradi ule ule uliokuja kumkomboa.

Tafadhali nisisomeke kama mtetezi wa waliochepusha maji. Wa mkiani waliahidiwa maji, wakakubali mashamba yao yapangwe upya kwa ahadi hiyo, na wakaachwa na majaruba makavu. Hilo ni jeraha. Ninachosema ni kwamba faida na jeraha vyote viwili vilikuwa vikubwa kuliko lengo lililoandikwa, na tathmini inayoanza na lengo ingekosa kimoja na kukipunja kingine. Aliyetaka kujua mradi umeleta nini Moshi Vijijini alipaswa kusimama kwenye kingo za mto Rau na kuuliza watu wa juu na wa chini, kabla hajafungua faili.

Chukua na mbu. Majaruba ni maji yaliyosimama, na maji yaliyosimama ni mazalia. Mtu yeyote mwenye akili angetabiri kuwa mpunga utaleta malaria, na angekuwa na haki ya kuuogopa. Watafiti Jasper Ijumba, Franklin Mosha na Steve Lindsay walilichunguza jambo hili hapa Lower Moshi, wakalinganisha eneo la mpunga, eneo la miwa na vijiji vya ukame. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2002, mbu waenezao malaria walikuwa wengi zaidi kwenye mpunga. Malaria yenyewe haikuwa zaidi. Ilikuwa chini kuliko vijiji vikavu visivyo na mbu wengi kiasi hicho. Maelezo yanayotolewa ni ya maisha: mwenye mpunga ana fedha ya chandarua, ya dawa, ya nyumba bora, na watoto wake wanakula.

Mradi wa mpunga usingeliweka hilo kwenye matokeo yake tarajiwa, kwa kuwa watu wa kilimo hawaandiki malaria. Mradi wa malaria nao usingelijua, kwa kuwa ungehesabu mbu, ukaona wameongezeka, ukapiga kengele. Ilibidi atokee mtu asiyekuwa na lengo la kutetea ndipo kitendawili hiki kionekane. Leo Mabogini ina kituo cha utafiti chenye vibanda vya kujaribia vyandarua na dawa za kupuliza ukutani, kwa sababu mbu wapo tele. Hata hicho hakikuwamo katika ramani ya wahandisi wa mwaka 1987, na huenda manufaa yake kwa Afrika yamevuka yale ya mchele.

Maji ya bonde hili huelekea bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha mto Pangani, hadi kwenye mitambo ya umeme ya Hale na New Pangani Falls. Mtambo huo wa pili, wa megawati 68, ulikamilika mwaka 1995 kwa msaada wa nchi za Nordic, na nao ulikuwa na matokeo yake tarajiwa. Kwa mtu wa umeme, mkulima wa mpunga anayemwagilia Moshi ni tishio la kudhibitiwa. Kwa mtu wa skimu, mkulima wa juu ya banio ni tishio la kudhibitiwa. Kila mmoja ana jedwali safi, na kila mmoja amemweka jirani yake kwenye safu ya nne. Ofisi ya Bonde la Pangani, iliyoanzishwa mwaka 1991, ilipewa kazi ya kusuluhisha kitu ambacho miradi hiyo, kila mmoja kwa kusudio lake, ilikitengeneza.

Wapo watakaosema mifano hii ni ya zamani, siku hizi tuna nadharia ya mabadiliko, tuna vishikwambi, tuna mtaalamu wa ufuatiliaji na tathmini katika kila ofisi. Basi tutazame jambo la juzi. Mwaka 2013 serikali ilizindua Matokeo Makubwa Sasa, mpango uliotoka Malaysia ukiwa na imani hii hii tena kwa herufi kubwa. Katika elimu, shule za msingi zilianza kupangwa hadharani, ya kwanza hadi ya mwisho, kwa matokeo ya mtihani wa darasa la saba. Kusudio lilikuwa moja na kiashiria kilikuwa kimoja. Utafiti wa Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin ulikuta kwamba shule za mkiani katika wilaya zao zilipandisha ufaulu. Ulikuta pia kwamba katika shule hizo idadi ya watoto waliokaa kwenye mtihani ilipungua. Watoto dhaifu walikuwa wakiachwa njiani.

Mwenye jedwali angeandika: lengo limefikiwa. Na asingesema uongo. Mtoto aliyebaki nyumbani siku ya mtihani hakuwa amekusudiwa na mtu yeyote kubaki nyumbani. Kwa hiyo hakuna kiashiria chake. Hapa imani ya matokeo tarajiwa inafanya baya kuliko kutoona. Inasukuma. Kiashiria kikishafungwa na mshahara, cheo au awamu ya pili ya fedha, watu huanza kukihudumia kiashiria, na wasio na sura ndani yake hugeuka mzigo.

Rafiki zangu wa ufuatiliaji na tathmini hunijibu kwa hoja tatu, na zote nimezisikia mara nyingi mno.

Ya kwanza: usipotaja matokeo mapema, kila asasi itadai ushindi baadaye kwa lolote litakalotokea. Hii ingekuwa hoja nzito kama hali ya sasa ingekuwa kinyume chake. Ni nani asiyejua jinsi malengo yanavyoandikwa? Unaweka idadi unayojua utaipata kabla ya mwezi wa sita, unaacha nafasi kidogo ya kuzidi ili ripoti isome asilimia 110. Ofisa mradi anayeweka lengo la kweli, lenye uwezekano wa kushindwa, hudumu miaka mitatu akimweleza mfadhili kwa nini ameshindwa, huku jirani yake mwenye lengo la kitoto akipewa nyongeza. Mwanafalsafa Michael Scriven alilitambua hili mwaka 1972, bangokitita likiwa bado changa: alipendekeza mtathmini asiambiwe kabisa malengo ya mradi, aende akatafute mwenyewe nini kimebadilika. Walimwona mtundu. Lakini fikiri, ni asasi gani ingeogopa zaidi, ile inayojua mtathmini atakuja na orodha waliyomwandikia wenyewe, au ile inayojua atakuja mikono mitupu na kumuuliza yeyote?

Kutafuta nje ya lengo si ubabaishaji. Katika wilaya ya Busia nchini Kenya, Edward Miguel na Michael Kremer walifuatilia shule 75 ambamo asasi moja ilitoa dawa za minyoo kwa awamu. Katika matokeo yao ya mwaka 2004, manufaa yalionekana hata kwa watoto ambao hawakumeza dawa, kwa kuwa minyoo ilipungua katika mazingira waliyochangia na waliomeza. Wangewalinganisha walengwa na wasio walengwa wa shule moja peke yao, dawa ingeonekana na manufaa madogo kuliko iliyokuwa nayo, kwa sababu wote walikuwa wakipona kidogo kidogo. Baadaye wataalamu walibishana sana juu ya ukubwa wa manufaa hayo kwa shule za mbali, na ubishi huo ni wa afya. Lakini huwezi kubishania ukubwa wa kitu ambacho hakuna aliyekitafuta.

Hoja ya pili: nchi tajiri katika umoja wao wa OECD zimekwisha kusema rasmi kwamba athari za mradi ni pamoja na zile zisizokusudiwa. Imeandikwa, ndiyo. Nenda ukasome hadidu za rejea za mshauri anayekuja kutathmini. Amepewa siku chache. Gari ni la mradi. Orodha ya watu wa kuhojiwa imetoka kwa mradi, na anayemtambulisha kijijini ni ofisa wa mradi, aliyevaa fulana ya mradi. Maswali yake yamepangwa kwa kufuata viashiria. Kwenye ukurasa wa 47 kuna kichwa cha habari kinachosema athari zisizotarajiwa, na chini yake aya moja inayosema baadhi ya wanaume waliwaonea wivu wake zao. Hiyo ndiyo heshima ambayo dunia nje ya jedwali inapewa.

Ya tatu ndiyo yenye uzito, na inatoka kwa wakurugenzi wa asasi ndogo: hatuna fedha za utafiti wa miaka 30. Nakubali. Lakini sasa hivi wanatumia fedha nyingi mno kutafuta kitu kisicho na faida kwao. Chukua vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa, vile vya hisa, ambavyo kata zote za tambarare zimejaa. Andiko linasema matokeo tarajiwa ni wanawake kuanzisha biashara na kuongeza kipato. Mama anayeingia kikundi ana kusudio lake. Anataka bati kabla ya masika, au ada ya mtoto wa kidato cha tatu, au asiaibike msiba ukimfika. Siku ya kugawana hisa anafanya alilolikusudia, kisha anakuja kijana wa takwimu na kishikwambi kumuuliza ana biashara gani. Anasema hana. Sifuri inaingia Dar es Salaam, kutoka huko inakwenda Ulaya, na mwaka unaofuata kikundi kinapelekewa mafunzo ya ujasiriamali ili kurekebisha tatizo. Mama ana bati kichwani na mradi umeshindwa.

Kumuuliza mama huyo alitumiaje fedha zake hakugharimu zaidi ya kumuuliza kama ana biashara. Ni swali moja badala ya jingine. Tofauti ni kwamba la kwanza linamwachia yeye kusema nini ni matokeo, na imani tuliyofundishwa hairuhusu. Hapo ndipo penye mzizi wa mambo. Tukisema matokeo yaliyokusudiwa, tunaficha aliyekusudia. Mara nyingi ni watu wanne kwenye ofisi yenye kiyoyozi, wiki moja kabla ya mwisho wa kupokea maandiko, wakichungulia tangazo la mfadhili kuona mwaka huu anapenda nini. Baadaye kijiji kizima kinapimwa kwa shauku ya wiki ile.

Sisemi bangokitita lichomwe. Mtu anayeomba fedha za wengine lazima aseme anataka kufanya nini na kwa nini anadhani itawezekana. Hilo ni adabu. Aandike makusudio yake, ayatumie kupanga kazi, ayabadili akiona amekosea. Kazi ya kuhukumu ndiyo isiwe ya karatasi hiyo. Ianzie kwa watu, wakiwamo wale ambao mradi haukuwahi kuwataja: kijiji cha jirani, wa juu ya banio, wa mkiani, aliyejiunga akatoka, mtoto asiyefika siku ya mtihani. Tena ianze mradi ukiwa umeondoka kwa mwaka mmoja au miwili, nembo zikiwa zimebanduka na hakuna anayetarajia posho.

Wenye asasi za Moshi mnaofunga miradi mwaka huu, fanyeni jambo moja. Mtafuteni mtu mmoja anayejua kusikiliza, msimpe andiko la mradi, msimpe gari lenu wala orodha yenu. Mpeni nauli ya daladala na siku kumi, nusu akae mlikofanya kazi na nusu akae kijiji cha pili ambako hamkufika. Atakachokuja nacho kiwekeni ukurasa wa kwanza wa ripoti, mbele ya viashiria. Na mfadhili atakayekataa kulipia siku hizo kumi aandike kwa mkono wake kwamba hataki kujua fedha zake zilifanya nini.